Kanda ya Gambusi la Mzee Boga

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Ishaka mwenyewe, mwana wa Mwanatatu, mwezi wa Agosti mwaka 1994, siku ya tatu ya harusi ya binti yake huko Timbwani, Likoni. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alimwuliza jina la wimbo uliokuwa ukilia kwenye redio kaseti. Ishaka hakutaja jina. Alivuta kiti, akaomba kahawa, akaanza na kijiwe.

Ulikuwa mwaka 1988, mwezi wa tano, na mvua ya rasharasha haikukata. Benchi la kijiweni lilikuwa la mbao za makreti ya bandarini, limeegemea ukuta wa duka la mafuta ya taa, chini ya bati lililojitokeza kiasi cha kuwakinga watu wanne na nusu. Nusu iliyobaki nje ilikuwa bega la kushoto la Breki, ambalo lilinyeshewa msimu mzima. Breki ni Mutua, dereva wa lori la mchanga. Kando yake alikaa Volti, yaani Odhiambo, fundi wa umeme wa kreni za bandarini. Halafu Hakimu, ambaye ni Kenga, aliyekuwa tarishi wa mahakama kwa miaka ishirini na mitano na akastaafu na sauti ya wale aliokuwa akiwabebea mafaili. Ishaka aliitwa Karani, kwa kuwa alihesabu mizigo gatini, na kwa kuwa hakuna alilolisikia asiliandike katika daftari. Mwisho wa benchi, ubavuni mwa jiko la Kitsao muuza kahawa, ndipo mahali pa Mzee Boga, mjomba wake Ishaka, mkulima wa minazi. Kila alasiri alikuja na gambusi lake, akalilaza magotini uso ukitazama jiko, akaligongagonga kwa kiganja, kisha akapiga nyimbo mbili tatu huku wenzake wakibishana.

Mzee Boga hakuwa na jina la utani, na hakuwa na desturi ya kusema neno mara mbili. Kitsao alilijua hilo. Mzee akisema "kimoja", na wewe usisikie, basi siku hiyo hanywi kahawa, wala hakulaumu.

Gambusi lenyewe aliachiwa na babake. Lilichongwa kwa gogo moja la mfenesi, tumbo likachimbwa kama kijiko kikubwa na kuwambwa ngozi ya mbuzi. Nyuzi zilikuwa nailoni za kuvulia samaki, na alizikwaruza kwa bua la unyoya wa kunguru. Lakini mwaka ule vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha kati na cha pete, vilikuwa vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani. Jumatatu ilikuwa avuke feri kwenda hospitali apasuliwe. Daktari alisema vitanyooka. Hakuahidi kwamba vikishanyooka vitakubali tena kukanyaga uzi.

Nyimbo zake zilikuwa saba, na hazikuandikwa popote. Watu wa benchi walizijua sita. Wa saba ndio ule marehemu Mwanatatu, dadake Mzee Boga na mamake Ishaka, aliokuwa akiuvumisha kila alipokaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Mzee aliupiga nyumbani tu, na tangu dadake azikwe, miaka mitatu iliyopita, hakuupiga tena. Ishaka aliukumbuka kwa sikio tu, na kila mwaka akiona umepungua kidogo. Alitaka nyimbo zote saba ziingie kwenye kanda kabla ya Jumatatu, na kila mmoja uandikwe jina lake kwenye karatasi ya ganda la kanda, mstari wa kwanza hadi wa saba. Mjombake alikubali kwa neno moja. Lililobaki lilikuwa kuchagua mashine, na Jumatano Ishaka alifanya kosa la kulipeleka hilo kijiweni.

— Mashine ni hii, alisema Volti, akiitua redio kaseti yake kubwa juu ya kreti. Nilichukua kwa baharia. Iko na maikrofoni mbili ndani, ya kushoto na ya kulia.

— Gambusi lina kushoto na kulia? aliuliza Hakimu.

— Kila kitu kiko na kushoto na kulia.

— Embe je?

— Wewe ngoja kwanza, Hakimu, alisema Breki, na akachomoa mfukoni kitepu kidogo bapa. Karani, angalia hii. Hii ndiyo watu wa magazeti wanatumia. Unaiweka tu mezani, unafinya hapa, kwisha.

— Hiyo ni ya kushika maneno, ndugu yangu, alisema Volti. Uzi si maneno. Hiyo mtu akinyamaza inaanza kutafuta sauti yenyewe, inavuta, inavuta. Mzee akitua apumue, itakuletea mpaka mbu wa Mtongwe.

— Mbu wa Mtongwe nao ni watu wa Likoni.

— Na ndani iko na mota yake inazunguka. Itajirekodi yenyewe, halafu gambusi kwa mbali.

Ishaka aliandika: *Ndogo: hujisikiliza.*

— Mimi naona hamwendi sawa, alisema Hakimu. Miaka ishirini na mitano nimekaa mahakamani, sikuona mashine. Bwana hakimu aliandika kwa mkono, na hakuna neno lililopotea. Karani hapa ana daftari. Mzee apige polepole, Karani aandike.

— Aandike nini?

— Aandike inavyolia. Tin, tin, taraa.

— Halafu nani atasoma hiyo?

— Rufaa itasoma.

Kitsao aligonganisha vikombe viwili kuwaashiria wenye kutaka kuongezwa. Walitaka wote.

— Basi tuseme kubwa, alisema Ishaka. Tatizo la kubwa ni nini, Volti? Niambie sasa, nisije nikalijua Jumamosi.

— Umeme. Umeme wa Likoni unavuma. Ukitia waya ukutani, kanda yote itasema mmmm, kama nyuki. Lazima betri. Nane, zile nono.

— Betri za siku hizi za mvua zimelala, alisema Breki. Sauti inakuwa nzito kama ya mlevi. Lazima zipate joto. Nitaziweka juu ya injini ya lori kutoka hapa mpaka Ukunda na kurudi. Zikifika, zitakuwa macho.

— Na mahali? aliuliza Ishaka.

— Chumba, walisema watatu kwa pamoja, na hiyo ikawa mara ya kwanza na ya mwisho wao kukubaliana mwezi ule.

— Chumba chako cha ndani, Karani, alisema Volti. Funga dirisha, funga mlango. Sauti ikigonga ukuta inarudi na kumpiga mzee mwenyewe. Kwa hivyo ukutani tunasimamisha magodoro.

— Magodoro ya nani?

— Wewe si una mke?

— Sikizeni, alisema Breki. Tunatafuta mtungi mkubwa wa maji, mkavu. Ile maikrofoni ya waya ya waimbaji wa harusi, tunaiteremsha ndani mpaka katikati, isiguse. Sauti ikiingia kwenye mtungi haina pa kwenda.

— Si ndiyo, itakaa huko ndani, alisema Hakimu. Utaitoa na nini?

— Na maikrofoni.

— Kwa hivyo maikrofoni inamezwa na mtungi ili itapike gambusi.

— Hakimu, wewe ulibeba mafaili tu, hukuyasoma.

Hapo ndipo Mzee Boga aliposema jambo. Alilisema taratibu, akiwa ameelekeza macho kwenye gambusi lake, na alilisema mara moja. Ishaka aliona midomo yake ikisogea, lakini Volti alikuwa amesimama akionyesha kwa mikono upana wa mtungi, Breki alikuwa akimpunguzia upana huo, na Hakimu alikuwa akiwataka wote wawili wafuate utaratibu. Ishaka alikuwa anaandika *mtungi*. Alipoinua kichwa mzee alikuwa amekwisha kunyamaza, na Kitsao alikuwa akipepea makaa.

Kahawa ilikwisha. Kitsao, kama desturi yake, aliyamwagia makaa maji, na kila mtu akainuka. Kijiweni hakuna aliyebaki baada ya ule mvuke.

Jumamosi baada ya adhuhuri chumba kilikuwa tayari. Magodoro manne yalisimama ukutani, na Mwanakheri, mkewe Ishaka, alikuwa amesema wazi kwamba likirudi hata moja lina harufu ya tumbaku ya Hakimu, Ishaka atalilalia yeye uani. Dirisha lilizibwa kwa mablanketi. Betri ziliwasili zikiwa za moto hata Volti alizishika kwa kitambaa. Maikrofoni ya waya ilining'inia ndani ya mtungi, na redio kaseti kubwa ilikaa juu ya stuli. Ndani walikuwa wanaume watano, kwa kuwa hakuna aliyekubali kubaki nje, na hewa ya chumba ilikuwa nzito kama ya jikoni kunapochemshwa maji.

— Mjomba, alisema Ishaka, shikamoo tena. Sasa, tukishaanza, usiseme neno. Mashine hii hushika kila kitu.

Mzee Boga aliitikia kwa kichwa, na kuanzia hapo akalitii sharti hilo kama sheria. Volti alifinya kitufe. Mzee akakwaruza uzi wa kwanza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayepiga mto kwa ngumi. Bu. Bu, bu.

Waliirudisha kanda wakasikiliza. Bu, bu.

— Ni mtungi, alisema Volti.

Waliutoa mtungi. Bu, bu.

— Ni waya, alisema Breki. Imekunjwa hapa, sauti inakwama kwenye kona.

Waliichomoa maikrofoni ya waya, wakatumia zile mbili za ndani ya mashine. Bu, bu. Walisafisha kichwa cha mashine kwa pamba na manukato ya Mwanakheri, bila yeye kujua. Walijaribu tepu ndogo ya Breki, nayo ikanasa vizuri sana tumbo la Hakimu likinguruma. Mzee Boga alipiga kila alipoambiwa apige na akaacha kila alipoambiwa aache. Mara mbili aliinua kidevu kuelekea mlangoni. Ishaka alidhani anaona joto, akampepea kwa daftari.

Ilipofika magharibi Mzee Boga alilifunga gambusi katika kanga yake, akawapa mkono wote, akaenda kuswali.

Hakuna aliyesema lile lililokuwa kifuani mwa kila mtu. Volti alizungumza juu ya betri. Breki alizungumza juu ya baharia aliyeuza mashine ile, kwamba lazima aliidondosha baharini. Ishaka alikuwa akirudisha magodoro vitandani, moja moja, na alipofika la nne alikaa juu yake. Aliwaza kwamba mkono umekwisha. Kwamba vidole vimekufa kabla ya kisu, na wenzake wanailaumu mashine kwa huruma tu. Usiku kucha aliutafuta ule wimbo wa mamake kichwani, akapata mwanzo wake. Mwisho wake haukuja.

Jumapili alasiri mvua ilikuwa ile ile. Mzee Boga alikuwa hajafika. Redio kaseti ilikuwa kwenye kreti, katikati ya benchi, kama mshtakiwa.

— Nimeona kosa, alisema Volti. Misumari. Bati la Karani limepigiliwa misumari mia mbili. Sauti inapanda kwenye bati, inatoka kupitia misumari.

— Inatoka inaenda wapi?

— Juu.

— Wacha misumari, alisema Breki. Shida ni pumzi. Tulikuwa watu watano pale, kila mtu anavuta. Sauti ni upepo, si ndiyo? Ukivuta pumzi umevuta na gambusi. Mimi peke yangu nafikiri nilimeza wimbo mzima.

— Ndiyo maana hukula jana, alisema Hakimu. Lakini mimi nimeupima ushahidi wote, na naona tulikosea mlango. Mlango ungelikuwa wazi na sisi tuko nje, na mashine iko nje, na mzee peke yake ndani, na baina yetu kukawa na bomba refu...

— Bomba la nini?

— Lile la maji. La chuma.

— Na maji?

— Yatolewe kwanza.

— Karani, mbona huandiki? aliuliza Breki.

Ishaka alikuwa amelifunga daftari. Alikuwa akimtazama Kitsao akipanga makaa mapya jikoni, kipande kwa kipande, na alikuwa akihesabu saa zilizobaki hata feri ya asubuhi.

Wakati huo alifika dukani mwanamke aliyeshika chupa ya kutilia mafuta ya taa. Alikuwa Margret, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka wiki mbili tu nyuma. Alitoka upande wa Frere Town, na aliwasalimia kwa adabu ya watu wa kule.

— Hamjambo, baba zangu. Samahani, leo yule mzee wa gambusi haji?

— Atakuja, alisema Hakimu. Ila kesho anakwenda kupasuliwa mkono. Tulijaribu kumrekodi jana, mashine zote zikakataa.

— Pole. Mimi humsikia kila jioni kutoka dirishani kwangu, hata mvua inyeshe vipi. Kila uzi nausikia. Hapa mnatumia mashine gani?

— Hapa hakuna mashine, mwalimu.

— Basi mbona hapa inalia?

Volti aliitazama redio kaseti. Breki alikuna bega lake la kushoto. Hakimu alitazama juu kwenye bati, akahesabu misumari ya duka. Ishaka alijiona amekaa pale kijiweni miaka minane, alasiri baada ya alasiri, akiandika kila kilichosemwa, akalifungua tena daftari kutafuta.

Aliyejibu ni Kitsao, naye hakuacha kupepea.

— Alisema Jumatano.

— Nani alisema?

— Mzee. Alisema, "Ngozi itataka moto." Nyinyi mlikuwa mtungini.

Walimtazama. Halafu wakalitazama jiko, na mahali patupu mwisho wa benchi, mahali ambapo mtu akikaa, chochote alichokilaza magotini huota joto la makaa.

— Kila siku huliotesha moto, alisema Kitsao. Mvua kama hii ngozi hunywa maji, hulegea. Huliotesha mpaka likaze, ndipo apige. Nyimbo mbili, likilegea, huliotesha tena. Nilidhani mwajua.

— Kitsao, alisema Ishaka kwa upole, jana tumemfungia chumbani kwa muda wa saa nne na jasho la watu watano.

— Nilisikia. Mlitia na magodoro.

— Sasa kwa nini mzee asiseme?

— Si alisema. Na jana mlimwambia asiseme neno.

Breki alianza kucheka peke yake, akacheka hata kahawa ikamwagika gotini. Ishaka hakucheka. Kumbe vidole vilikuwa hai.

Mzee Boga alifika baada ya swala ya alasiri, gambusi ndani ya kanga, kama siku zote. Alimkuta Margret amekaribishwa kwenye kigoda, na mashine imesogezwa mwisho wa benchi. Ishaka aliinuka.

— Mjomba, tusamehe. Hatukukusikiliza.

— Leo kuna moto, alisema mzee, akakaa.

Volti alitoa masharti yake, na safari hii yalikuwa mafupi. Betri zilikuwa zimechoka kwa kazi ya jana. Mashine ikishaanza isizimwe ila kugeuza kanda, maana ikisimama huenda isiamke. Kanda ilikuwa ya nusu saa kila upande. Itazunguka mfululizo, na wao watanyamaza.

Kunyamaza hawakuweza. Hilo lipo kwenye kanda mpaka leo. Wimbo wa kwanza ulitoka mkavu na mkali, kila uzi peke yake, mpaka Margret akaweka chupa yake chini polepole. Kati ya wa pili na wa tatu mzee aliligeuza gambusi kwenye makaa, na katika muda ule kinasikika kiganja kikigonga ngozi, tap, tap, na Hakimu akiuliza kwa mnong'ono wa kusikika Mtongwe, "Inaandika?" Volti akimwambia anyamaze. Breki akimwambia Volti anyamaze. Mvua kwenye bati. Vikombe vya Kitsao. Kisha gambusi tena, likiwa limekaza, likiwapita wote kwa juu. Kabla ya kila wimbo mzee alitaja jina lake, mara moja, na Ishaka aliandika, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vidole viwili vya mzee vilikuwa vimepinda kama ndoana, lakini vilikwenda palepale pao.

Baada ya wimbo wa nne Volti aliigeuza kanda kwa kasi ya mtu anayebadilisha fyuzi. Baada ya wa tano kahawa ilikwisha. Kitsao alipindua dele, likadondosha tone moja. Wateja wawili waliokuwa wamesimama walisubiri aumwagie moto maji waende zao. Kitsao alisimama kidogo na kopo la maji mkononi, akalirudisha chini, akaongeza makaa mawili.

— Kahawa si imekwisha? aliuliza mmoja wao.

— Imekwisha.

Wakabaki, wakitazama jiko lisilokuwa na dele.

Wimbo wa sita ulikuwa mrefu. Mzee aliliotesha gambusi moto kwa mara ya mwisho, na aliliotesha muda mwingi kuliko mara zote. Volti alichungulia kwenye kidirisha cha mashine, akamwonyesha Ishaka kwa vidole: utepe uliobaki ni mwembamba. Ishaka hakumharakisha mjombake. Hakujua kama angeupiga ule wa saba.

Mzee Boga hakutaja jina safari hii. Aliukwaruza tu. Na Ishaka, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha mambo yake mbele za watu, aligeuza uso ukutani, maana mwanzo ulikuwa ule alioupata usiku, na baada yake ukaja mwisho uliokuwa umempotea: ulishuka hatua tatu, ukasita, kama mkono unaosita kifuu kinapokwisha, kabla ya kuchukua kifuu kingine. Watu wa benchi hawakuwahi kuusikia. Kwa muda wa wimbo ule, na huo tu, kanda haina sauti ya mtu.

Mzee aliulaza mkono juu ya nyuzi. Margret, kwa kuwa alikuwa mgeni na hakujua kwamba hapo palikuwa pa kunyamaza, aliuliza:

— Na huu unaitwaje, babu?

Swali lake ndilo neno la mwisho kwenye kanda. Utepe ulikwisha, kitufe kikaruka, tak. Volti akaruka juu ya mashine, Breki akamfuata akisema usiguse, Hakimu akasema mashahidi wakae chini. Mzee Boga alimgeukia mwalimu, akamjibu, mara moja.

Asubuhi ya Jumatatu, kwenye feri, Ishaka alimwuliza mjombake jina la wimbo wa saba.

— Nimeshamjibu yule mwalimu, alisema Mzee Boga.

Ishaka alingoja mpaka ng'ambo. Mzee hakuongeza kitu, na Ishaka hakuuliza tena. Daktari alivinyoosha vidole. Vilinyooka sawasawa, na havikukanyaga uzi tena.

Mwalimu, alipoulizwa, alisema kwamba kwa kelele za wale watatu aliona midomo tu. Alidhani ni jina la mtu. Kitsao alisema alisikia "Kinazi". Hakimu aliapa kwamba ni "Dada Mwanatatu", lakini Hakimu wakati huo alikuwa akisimamia utaratibu. Volti na Breki hawakusikia lolote, na kila mmoja alimtaja mwenzake kuwa ndiye sababu. Ndiyo maana Ishaka, alipoulizwa harusini, alitaka kahawa kwanza. Kwenye karatasi ya ganda mistari sita imeandikwa kwa mwandiko wa gatini, ulionyooka. Wa saba una nambari na nafasi.

Mzee Boga alifariki mwaka 1991, na gambusi liko kwa Ishaka, katika kanga ile ile. Hakimu alifariki mwaka 1993. Breki alifariki mwaka 1996 kwao Kitui, kwa maradhi. Volti yu hai, amestaafu na kurudi kwao ziwani. Mashine alikwenda nayo. Margret yu hai, anakaa Kiembeni, na kila Idi huja Timbwani kuwatembelea. Kitsao yu hai, na bado anauza kahawa. Mwanakheri yu hai, na hajaambiwa habari ya manukato. Ishaka yu hai.